Boti Niliyoipitisha Nikiwa na Soksi

Mkaguzi wa boti za starehe hukutana na watu siku ile waliyopanga kufurahi, na yeye ndiye anayewachelewesha. Nimeifanya kazi hiyo Mtwara mpaka nimestaafu, na watu walioniona nikija gatini wakafurahi kwa dhati nawahesabu kwa vidole, na mmoja wao alikuwa amenifananisha na mtu mwingine. Ninyi mnaoanza sasa, lizoeeni hilo mapema. Mengine nitakayowaambia hayamo kwenye vitabu vyenu vya chuo, na moja kati ya hayo nililijua kwa kukosea.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, kwenye baridi na viazi. Kabla sijaenda sekondari, maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa kwenye pipa la mvua la shangazi yangu. Serikali ikanipeleka chuo nikasomea vyombo vya majini, kisha ikanipangia Mtwara. Mume wangu, Mwalimu Sanga, naye ni wa kwetu hukohuko. Aliomba uhamisho akanifuata, akapewa kufundisha jiografia sekondari. Kwa miaka mingi amewafundisha watoto wa pwani habari za kupwa na kujaa kwa bahari, naye hajui kuogelea. Watoto walijua. Walimheshimu hivyohivyo.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Bakari, mwenyeji wa Mikindani, aliyekuwa seremala wa boti kabla ya kuwa mkaguzi. Mzee huyu aliikaribia boti akiwa ametazama chini, kama mtu aliyedondosha funguo. Mwanzoni nilidhani ana haya. Baadaye nikadhani ana shida ya shingo. Siku moja nikamuuliza, akanieleza kwamba hataki kuiona rangi ya boti wala bendera zake kabla hajaiona ngama. Ngama ni lile tumbo la chini kabisa la chombo, chini ya sakafu, ambako maji yote yanayovuja hukusanyika. Mzee Bakari alikuwa akivua saa, anakunja mkono wa shati, anainua mfuniko na kuutumbukiza mkono humo. Kisha anaunusa. Kwa harufu alijua kama ni maji ya mvua, ya bahari, au ni mafuta yanayotoka kwenye injini.

"Ukishaiona bendera, umeshaamua," aliniambia. "Kinachobaki hapo ni kutafuta sababu."

Alinifundisha pia namna ya kulipima jaketi okozi. Hakulitazama. Alilifunga mfuko wa mchanga uliopimwa, akalitupa majini, akaenda kunywa chai. Akirudi akalikuta linaelea, limepita. Nilimuuliza chai hiyo ni ya dakika ngapi. Akasema inategemea kama kuna maandazi.

Niliyafuata hayo yote kwa miaka michache. Kisha Mzee Bakari akastaafu, akahamia kwa binti yake Rahaleo, nami nikabaki na ujuzi wangu na cheo. Hapo ndipo nilipoanza kuinua shingo.

Mnazifahamu bendera za boti, lakini ngoja nizitaje kwa faida ya wale waliokuwa wamelala darasani. Nyuma hukaa bendera ya nchi ilikosajiliwa. Juu, upande wa kulia, mgeni huweka bendera ya nchi aliyoingia, kwa heshima ya wenyeji. Na mgeni anayesubiri ruhusa ya kuingia hupandisha ya manjano, kuonyesha kwamba hana ugonjwa. Hizo ni bendera za adabu, na adabu ni jambo zuri. Shida ni kwamba mimi nilianza kuzisoma kama cheti cha daktari. Boti yenye bendera mpya zilizonyooka niliimaliza kwa muda wa kunywa soda. Boti yenye bendera iliyochanika niliikalia asubuhi nzima. Sikuwahi kuliandika hilo popote, lakini wenye boti walilifahamu kabla yangu. Walikuwa wakisikia nakuja wananunua bendera. Pampu za kutoa maji walikuwa wananunua mwaka mwingine.

Sasa niwasimulie wiki yenyewe.

Siku ya Jumanne, mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu kutoka Msimbati. Akasema kuna boti imeingia kutoka upande wa mdomo wa Ruvuma, ina bendera ya Msumbiji na watu wawili. Siku zile habari za ng'ambo ya mto hazikuwa nzuri, na kila kilichotoka huko kilitazamwa mara mbili. Wenzetu wa uhamiaji na polisi walikuwa wameshaipekua na kuona watu hawana tatizo, hati zao zimetimia. Ikabaki zamu yangu ya kuangalia usalama wa chombo.

Nilipelekwa na mtumbwi hadi pale kilipotia nanga. Boti ilikuwa na rangi tatu, na kila moja ilichakaa kwa wakati wake. Ubavuni ilikuwa na viraka kama suruali ya fundi gereji. Bendera ya Msumbiji, kama mjuavyo, ina jembe, kitabu na bunduki. Hii ilikuwa imepigwa na jua mpaka jembe na kitabu vimefutika. Ilibaki bunduki.

Mwenye boti alikuwa mzee wa Kimakonde wa upande ule, jina lake Anselmo, fundi wa mitambo aliyestaafu. Alikuwa na mkewe, Mama Filomena. Walinisalimia kwa Kimakonde, nikaitikia, na hapo Kimakonde changu kikaisha. Tukaendelea kwa Kiswahili, nao walikijua vizuri kuliko nilivyotarajia, na nadhani walinisoma usoni kwamba sikutarajia.

Nikamuuliza Anselmo anafanya biashara gani. Akasema hafanyi. Nikamuuliza kama amekuja kuvua. Akasema huvua wakitaka kula. Nikamuuliza, sasa amekuja kufanya nini.

"Natembea," akasema.

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea tu, mama. Nimestaafu."

Kwenye fomu nikaandika kwamba madhumuni ya safari hayajaeleweka. Kila msimu walikuwa wakipita Wazungu na boti zao za matanga, nao nikiwauliza walinipa jibu hilohilo kwa Kiingereza, nami nilikuwa nikiandika "utalii". Niliandika hivyo bila kuinua kalamu. Kwa Anselmo kalamu ilikataa. Sikujiuliza kwa nini.

Halafu nikaiona bendera ya Tanzania aliyoiweka kwa heshima yetu. Mama Filomena alikuwa ameishona kwa mkono wake, mishono imenyooka kuliko ya dukani, ila buluu ameiweka juu na kijani chini. Nikawaambia wameweka bahari juu ya mashamba. Mama Filomena akaitazama, akasema kwamba kwao mwaka wa mafuriko ndivyo ilivyokuwa. Sikucheka. Nilikuwa kazini.

Nikaandika makosa matatu: mwonekano wa chombo hauridhishi, bendera si sahihi, madhumuni hayajaeleweka. Nikabandika karatasi ya zuio kwenye kibanda cha usukani, kwamba chombo hakiruhusiwi kung'oa nanga hadi nitakaporudi Jumatatu. Anselmo alivaa miwani akaisoma karatasi yote, na nyuma yake, ambako hapakuwa na kitu. Kisha akauliza kwa upole sana:

"Injini huiangalii, mama?"

Nikamwambia nitaiangalia siku nikirudi, akisharekebisha bendera. Akasema sawa. Mimi nikapanda mtumbwi nikiwa na hakika kwamba nimefanya ukaguzi. Nilikuwa nimekaa kwenye boti yao karibu saa tatu nzima.

Siku ya Alhamisi ilikuwa zamu ya boti ya hoteli moja ya pale mjini, hoteli ambayo siku hizi imebadili jina na wenyewe. Hiyo ilikuwa boti nyeupe, ndefu, yenye vyuma vinavyong'aa mpaka unajiona umenenepa. Nyuma ilikuwa na bendera ya Taifa mpya, imepigwa pasi. Kuanzia mbele hadi nyuma walikuwa wametundika kamba ya bendera ndogondogo za rangi, zile za kupeana ishara baharini. Baadaye, muda wa kutafakari ulipokuwa mwingi, nilitafuta maana zake kwenye kitabu. Moja ilikuwa inasema "nahitaji msaada", nyingine "mtu ametumbukia majini", na ya tatu "nina moto na mzigo wa hatari, kaeni mbali". Zilikuwa zimewekwa kwa mapambo. Siku ile niliona zinapendeza.

Nahodha wake aliitwa Deus, kijana mtu mzima mwenye shati jeupe na mabega yenye mistari. Alinipokea kwa heshima na kuniomba radhi kwamba utaratibu wa boti ni kuvua viatu kwa sababu ya zulia. Nikavua. Nataka mlielewe vizuri jambo hili: mtu mwenye soksi anatembea taratibu, anaogopa kuteleza, anajiona mgeni, na mgeni hafunui vitu vya watu. Meneja wa hoteli akanimiminia juisi ya embe. Nikaomba kuona majaketi okozi, wakanifungulia kabati. Yalikuwa yamepangwa kama mashati dukani, rangi ya chungwa, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Kuyatoa kwenye mifuko niliona ni kuharibu. Nikahesabu, yakatosha. Nikawasha redio, ikaita. Nikaona kizimamoto, kina tarehe nzuri. Juisi ilipokwisha, nami nilikuwa nimemaliza.

Nikasaini cheti. Deus akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akasema asante mama.

Jumamosi yake walimu wa shule ya mume wangu walikuwa wanamuaga mwalimu mkuu wao anayestaafu. Walikuwa wamechanga, wakaikodi boti ileile kuwapeleka Msimbati kuogelea na kula samaki. Mume wangu asubuhi aliniuliza, nusu utani, kama boti ni nzima. Nikamwambia nimeikagua mwenyewe juzi. Akavaa kofia akaenda. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na nguo za kufua.

Mchana, jua la saa nane, simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa Msimbati.

"Mama afisa, ile boti yako imeondoka."

Nikamuuliza ipi.

"Ya Mmakonde. Imekata kamba ya nanga imeondoka mbio. Haikuvuta hata nanga."

Akataka kuendelea lakini mtandao ukakata. Nilipopiga tena hakupatikana. Nami, niwaambie ukweli, niliona raha kidogo. Nilikuwa nimemshuku mtu huyo tangu Jumanne, na sasa ametoroka. Nilimpigia dereva wa ofisi, tukaondoka na gari. Barabara ile baada ya Madimba ina mchanga, na njia nzima katikati ya mikorosho nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Anselmo atakapokamatwa. Yalikuwa maneno mazuri. Sijawahi kupata nafasi ya kuyatumia.

Tulipotokea ufukweni nikaona boti ya rangi tatu imesogea hadi kwenye maji mafupi, na watu wamejaa mchangani. Nikadhani wanakijiji wamemzingira. Nikashuka nikaenda kwa hatua za kiserikali. Wa kwanza niliyemtambua alikuwa mume wangu. Alikuwa amekaa mchangani, amefunga kitenge cha Mama Filomena kuanzia kifuani, kofia hana, anakunywa chai ya rangi kwa mikono miwili. Walimu wengine walikuwa wamekaa karibu naye, wamelowa, na wawili walikuwa wanalia bila sauti. Boti nyeupe sikuiona. Nikatazama baharini, nikaona ncha ya mlingoti, na ile kamba ya bendera inapepea juu ya maji.

Mume wangu aliponiona alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza habari za shule:

"Mama Tuzo, majaketi yako yanazama."

Niliyaelewa mambo kipande kipande kwa kuwauliza. Walikuwa wameshaingia ndani ya ghuba, Msimbati inaonekana, wanaimba. Mwalimu mmoja akasema zulia limelowa. Deus akasimamisha injini, akainua mfuniko, akakuta ngama imejaa. Mpira wa maji yanayopoza injini ulikuwa umechomoka kwa sababu kibanio chake kilikuwa kimeoza kwa kutu, na maji ya bahari yakawa yanaingia kila dakika tangu walipoondoka mjini. Pampu ya kutoa maji ilikuwa haifanyi kazi. Injini ikagoma kuwaka tena. Akaita kwa redio, redio ikaita vizuri, ila betri nayo ilikuwa humohumo ndani ya maji, ikafa katikati ya neno. Akawavalisha watu wote majaketi, akawapanga pande zote mbili, akawaambia wasihame. Alifanya kila kitu sawasawa kuanzia hapo.

Boti ilipolala ubavu watu wakaingia majini, na majaketi yakawashikilia kwa dakika chache. Kisha yakaanza kunywa maji. Tuliyapasua baadaye. Ya zamani yalikuwa yamechoka, na hoteli badala ya kununua mengine iliyapeleka kwa fundi cherehani akayavika kitambaa kipya na kuyajaza sponji ya godoro. Fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Aliambiwa yawe laini. Chai ya Mzee Bakari, hata isiyo na maandazi, ingetosha kuyazamisha.

Aliyewaona ni Mama Filomena. Alikuwa anaanika nguo kwenye boti yao, akamwambia mumewe kwamba ile boti nyeupe imekalia makalio. Anselmo akatazama mara moja. Injini yao, ile ambayo sikuiangalia, iliwaka kwa jaribio la kwanza. Kamba ya nanga ilikuwa ndefu kuvuta, akaikata kwa panga. Karatasi yangu ya zuio ilikuwa mbele ya macho yake kwenye usukani muda wote. Akawafikia wakiwa wametawanyika, akazima injini ili asiwakate, Mama Filomena akawa anawatupia madumu matupu ya kushikilia. Mume wangu alikuwa ameshavua jaketi langu, maana lilikuwa linamvuta chini, na alikuwa amemshika Deus shingoni. Mwalimu mkuu walimtoa amelegea. Wakamkamua maji pale pale juu ya boti, akatapika, akapumua. Alilazwa wiki nzima kwa sababu ya mapafu, lakini akatoka. Hakuna aliyekufa.

Anselmo nilimkuta anafunga kamba. Nikamshukuru. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema kwa wasiwasi wa kweli:

"Mama, nimevunja karatasi yako."

Jumatatu mkuu wetu wa ofisi alikuwa ameshaandaa rasimu ya taarifa. Aliniita akanisomea. Ilisema kwamba, kutokana na umakini wa mkaguzi kuzuia chombo cha kigeni katika eneo la Msimbati, chombo hicho kilikuwepo karibu na kikaweza kuokoa watu. Kwa hiyo mimi napendekezwa kupewa barua ya pongezi. Aya iliyofuata ilisema mwenye chombo hicho ashtakiwe kwa kung'oa nanga kinyume cha zuio. Aya ya tatu ilisema nahodha Deus ndiye aliyezembea. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na nafasi za kujaza. Akanipa nisaini.

Nikamwomba hadi kesho yake. Jioni nikaenda Rahaleo kwa Mzee Bakari. Alikuwa ameketi barazani anachambua mchele na binti yake. Nilimweleza yote, na nilieleza kwa ustadi: kwamba cheti cha mwaka uliopita kilikuwa safi, kwamba vibanio hukatika wakati wowote, kwamba hakuna mkaguzi awezaye kuona ndani ya jaketi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kutoa mawe.

"Uliinua zulia?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Basi andika hivyo."

Akarudi kwenye mchele. Nilikaa kidogo nikidhani ataongeza neno. Akaongeza, akaniuliza kama nitakula.

Nyumbani nilimwambia mume wangu nitakachoandika. Nilitegemea anizuie, kwa sababu mshahara wangu ulikuwa unasomesha watoto. Akasema kwamba alipokuwa majini aliniwaza kwa mambo mawili. La kwanza alilisema, na hilo ni letu. La pili alisema alijiuliza kama mimi najua. "Sasa unajua," akasema, "na wenzako ofisini hawajui." Akaenda kusahihisha madaftari.

Nikaandika taarifa yangu. Niliandika kwamba boti ya Anselmo niliikalia saa tatu nzima na kuizuia kwa sababu ya sura yake na bendera yake, bila kugusa injini, ngama wala majaketi. Boti ya hoteli niliipitisha kwa muda wa glasi moja ya juisi kwa sababu hizohizo, kwa upande wa pili. Kwamba kuwepo kwa Anselmo pale hakukuwa umakini wangu bali ubaguzi wangu, uliotokea kuangukia mahali pazuri. Na kwamba zuio lenyewe halikuwa na msingi, hivyo mtu huyo hakuvunja kitu. Mkuu aliisoma mara mbili. Akasema Kiswahili chake ni kizuri. Akaipeleka juu.

Nilinyang'anywa muhuri wa ukaguzi, nikawekwa dawati la kusajili namba za vyombo vidogo. Nilikaa hapo muda wa kutosha kuwajua wenye mitumbwi wote kwa majina ya watoto wao, kabla sijarudishiwa ukaguzi. Hoteli ilifungiwa boti zake zote. Deus alisimamishwa leseni, kwa sababu nahodha ni nahodha. Shauri la Anselmo lilifutwa kabla halijafika popote.

Kabla hajaondoka, yeye mwenyewe aliomba akaguliwe. Ofisi ilimtuma mwenzangu, nami nikaruhusiwa kwenda kushika karatasi. Niliingia ndani ya boti nikiwa nimetazama chini. Niliinua mfuniko, nikakunja mkono wa gauni, nikautumbukiza. Ngama ilikuwa kavu kiasi kwamba nilitoka na vumbi. Injini ilikuwa safi kuliko jiko langu. Lakini fataki zake za kuomba msaada zilikuwa zimeisha muda siku nyingi, na kizimamoto kilikuwa kitupu kabisa. Alikuwa anakitumia kuzuia mlango. Tukaandika. Nilijisikia vibaya kumwandikia kosa mtu aliyenirudishia mume. Anselmo alivaa miwani, akasoma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Hapa sasa umekagua," akasema.

Alinunua vyote viwili mjini, akaondoka kuelekea kaskazini. Kwenye fomu, sehemu ya madhumuni, nilimwambia mwenzangu aandike utalii.

Kuna jambo la mwisho, nalo sijawahi kulisema ofisini. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa bado pale dawati la usajili, Deus alikuja. Leseni yake ilikuwa imerudi, alikuwa amepata kazi kwenye boti ya mizigo na amekuja kuandikishia namba. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana, nikaanza kujaza kitabu. Nikamwomba radhi kwamba alibeba sehemu yangu ya lawama. Akasema imepita. Kisha akasema:

"Mama, mimi pampu niliwaambia hotelini mara tatu. Na majaketi niliwaambia. Ningekataa kuendesha wangempata mwingine siku hiyohiyo. Nikasema moyoni, Alhamisi mkaguzi anakuja. Yeye hawawezi kumfukuza."

Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile, hata kwa jicho.

"Meneja alikuwa palepale na wewe, anakumiminia juisi," akasema. "Mimi nilichoweza ni kusimama juu ya mfuniko wa ngama. Nilisimama pale tangu ulipoingia mpaka ulipotoka. Nilijua mkaguzi lazima aniambie nisogee."

Sikumwambia asogee. Nilimpita, nikamwambia shati lake linapendeza.

Nilimgongea muhuri wa usajili kwenye karatasi zake, akazikunja, akaenda zake gatini. Ninyi mkiingia kwenye boti, yeyote mtakayemkuta amesimama, mwombeni asogee.